Nyumba ya Mwisho Kwenye Waya

Wiki iliyopita mlinigongea lango mara mbili. Wa kwanza walivaa fulana nyekundu, wa pili fulana za kijani, na wote walikuja kuniuzia kitu kimoja: intaneti ya nyumbani, ya kasi, inayopita ndani ya waya mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Wa nyekundu waliniambia wa kijani ni waongo. Wa kijani hawakumtukana mtu, walicheka tu wakateremsha bei. Niliwapa nyote chai, maana mlikuwa mmelowa, na Julai ya Nyeri haina huruma na mtu. Kisha nikawauliza kila kundi swali moja tu: waya wenu unaishia wapi?

"Inaishia kwa ile nguzo ya transfoma, guka," akasema msichana mmoja wenu, akiniita babu kwa lugha ya kwetu. "Huko chini hatufiki. Ni nyumba kidogo tu, hakuna kastoma."

Mliona nimenyamaza mkadhani ni uzee. Kuzeeka nimezeeka, lakini si uzee ulioninyamazisha. Nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Nderitu. Kwa kuwa mlikuwa na haraka ya kwenda kugonga malango mengine, nimeona niwaandikie.

Jina langu ni Wambugu. Nilikuwa fundi wa laini za simu, enzi za shirika moja tu. Siku hizo hakukuwa na rangi ya fulana ya kuchagua. Ukitaka simu uliomba, ukangoja, mtoto akazaliwa, akaanza shule, ndipo nguzo ikafika langoni. Eneo langu lilikuwa mitelemko ya Tetu, kutoka Giakanja kupanda juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa za chakula cha mchana. Wakati mwingine nilitumwa Mukurweini, upande wa Gakindu, ambako laini zilipita juu ya mibuni na mwenye shamba anakungoja chini ya nguzo na panga ili usimkanyagie kahawa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Karuri, mtu wa Kutus aliyehamishiwa kwetu na ambaye hakuacha hata siku moja kulalamikia baridi yetu. Neno lake lilikuwa: sikia kwanza, panda baadaye. Unaunganisha simu yako ya kupimia pale chini, unaweka sikio. Maji yakiingia kwenye kiungo, utasikia kitunguu kikikaangwa. Tawi la mti wa mukima likigusa waya, utasikia mtu akikwangua ugali ulioshika sufuria. Na nyaya mbili zikigusana, utasikia mambo ya jirani, na hapo unatoa sikio, kwa sababu kesho utakunywa chai kwa huyo jirani na utahitaji kumtazama usoni.

Viungo tulivifunga kwa namna yetu. Unasokota shaba kwa shaba, unadondoshea nta ya mshumaa, unazungushia nailoni ya mkate, unafunga kwa uzi. Shirika lilikuwa na dawa yake rasmi ya kuziba viungo, lakini dawa hiyo iliishia stoo ya mjini, sisi tukabaki na mikate. Nta yetu ilivumilia mvua za Aprili miaka mingi.

Jambo la pili alilonifundisha Karuri ni kugonga nguzo kwa nyundo kabla ya kupanda. Nguzo nzima inalia vizuri. Iliyoliwa na mchwa inajibu kwa sauti nzito, ya kinyonge. Yeye mwenyewe siku moja hakugonga. Mvua ilikuwa inakuja, alikuwa na haraka, akapanda. Nguzo ilikatika naye. Hakufa, lakini kiuno chake hakikurudi, na mpaka alipopelekwa kwao Kutus hakupanda hata ngazi ya ghala. Kwa hiyo ninyi mnaopanda siku hizi na kamba za kisasa na kofia za plastiki, gongeni nguzo. Haichukui muda.

Sasa Mwalimu. Kulikuwa na laini moja iliyoteremka kutoka barabarani, ikavuka kijito, ikapanda mgongo wa kilima cha pili, na nyumba ya mwisho kwenye waya ule ilikuwa yake. Mwalimu Nderitu alikuwa amestaafu uhedimasta. Nani kwetu hakuijua sauti yake! Akiita gwaride la asubuhi, waliochelewa ng'ambo ya kijito walianza kukimbia. Tulisema kwamba Mwalimu hahitaji simu, afungue dirisha tu atasikika Nyeri mjini. Mimi mwenyewe nilitetemeka mbele yake nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Kisha koo likamsumbua. Walimfanyia upasuaji Nairobi, akarudi nyumbani mzima lakini bila sauti. Si sauti ndogo, bila sauti kabisa. Alining'iniza sileti shingoni kwa kamba, zile sileti za zamani za darasa la kwanza, na chaki mfukoni mwa koti. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alikaa na mke wa mwanawe, Mama Kui, mama mpole aliyeshinda shambani. Na alikuwa na binti mmoja, Wangari, nesi huko ng'ambo.

Wangari alikuwa anampigia baba yake kila Jumapili. Baada ya upasuaji aliendelea kupiga. Mama Kui alinisimulia: mzee anashika simu kwa mikono miwili, binti anaongea, anauliza, na upande huu hakuna kitu ila pumzi. Binti anaanza kulia, anakata. Mzee anabaki na simu sikioni. Barua nazo zilichukua wiki nyingi, na barua ya mtu mgonjwa inafika ikiwa imechelewa kila mara. Wangari hakuogopa kitu kingine: aliogopa baba yake aondoke akiwa hajazungumza naye tena.

Ndipo akamtumia kompyuta. Ilikuja na mtu aliyesafiri, imefungwa ndani ya blanketi, na pamoja nayo kisanduku kinachoitwa modemu. Ninyi wa siku hizi hamkijui. Kazi yake ilikuwa kugeuza maandishi kuwa mlio, mlio upite kwenye waya wa simu, upande wa pili ugeuzwe tena kuwa maandishi. Mtu asiye na sauti alikuwa ameletewa sauti. Niliona jinsi alivyokipapasa kile kisanduku, na moyo wangu ulifurahi kwa ajili yake.

Mjini Nyeri zilikuwa zimefunguliwa kampuni mbili za intaneti, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Zilisikia kwamba kuna mzee ana kompyuta milimani. Mnadhani ninyi ndio wa kwanza kugonga malango? Walikuja vijana wawili, kila mmoja kwa siku yake, wamevaa tai, viatu vimezama matopeni. Wa kwanza alisema yake ni ya kasi. Wa pili alisema yake ina kasi zaidi na mwezi wa kwanza ni bure. Mwalimu aliandika kwenye sileti: WAYA GANI? Wote wawili walielekeza kidole kwenye waya uleule, wangu, wenye kutu na nta ya mshumaa. Walikuwa kama watu wawili wanaogombea kukuuzia maji ya mfereji mmoja. Kushindana kwao kulishusha bei, siwezi kukataa. Lakini sikuwahi kuona hata mmoja akishindana kupanda nguzo.

Mwalimu alichukua ile ya mwezi wa bure. Mwalimu ni Mwalimu.

Kulikuwa na tatizo ambalo hao wenye tai hawakulifikiria. Kituo chetu cha simu huko juu kilikuwa bado cha mkono. Unazungusha kishikio cha simu yako, kengele inalia kituoni, opereta anauliza unataka namba gani, anachomeka kamba kwenye ubao na kukuunganisha. Opereta wetu alikuwa Nyambura. Mgongo mzima ulimjua kwa sauti, wachache kwa uso. Na kila dakika tatu aliingia kwenye laini, kama walivyofundishwa wote, akauliza: "Bado mnaongea?" Ukijibu ndiyo, anatoka. Asiposikia mtu, anachomoa kamba ili wengine wapate njia. Ilikuwa kazi nzuri iliyofanywa vizuri.

Siku ya kwanza Mama Kui alizungusha simu, akaomba namba ya kampuni ya mjini, akaunganishwa. Modemu ikalia ule mlio wake. Barua ya kwanza ya Wangari ikaanza kuingia. Ikakatika. Wakajaribu tena, ikakatika tena. Kesho yake hivyo hivyo. Na huku kwangu Nyambura ananiletea malalamiko mazito kwamba laini ya mwisho imeharibika vibaya, inalia kama nguruwe anayechinjwa.

Vijana, nilihangaika na laini ile mpaka nikachoka kuiona. Nilifungua kila kiungo nikakifunga upya. Nilikata matawi ya miti ya watu bila ruhusa nikafukuzwa na mbwa. Nilimaliza mishumaa ya nyumbani kwangu, mke wangu akaniuliza kama nimejiunga na dini mpya. Niliweka sikio kila nguzo: hakuna kitunguu, hakuna sufuria. Laini ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa siku ilipowekwa.

Mwishowe nilikwenda kukaa sebuleni kwa Mwalimu, nikaunganisha simu yangu ya kupimia pale waya unapoingia ndani, nikasikiliza. Mlio ulikwenda vizuri. Maandishi yalianza kutokea, Mwalimu ameinama, pua karibu iguse kioo. Halafu katikati ya mlio nikamsikia Nyambura.

"Hallo? Bado mnaongea? Hallo?"

Nilisukuma simu yangu sikioni kwa Mwalimu naye asikie. Alifumbua mdomo. Alifumbua kabisa, kama mtu anayetaka kuita gwaride, na hakutoka kitu. Nyambura akachomoa kamba. Maandishi yakasimama.

Mwalimu alinirudishia simu. Kisha akachukua chaki akaandika: NILIMFUNDISHA DARASA LA PILI. ALIKUWA MSUMBUFU. Mabega yake yalitikisika, nikajua anacheka. Nilicheka pia, ingawa nilitaka kulia.

Nilipanda kituoni kwa miguu. Nyambura alikuwa amevaa spika zake kichwani, sweta nyekundu anayofuma iko magotini.

"Nyambura, hiyo kelele ya laini ya mwisho si kuharibika," nikamwambia. "Ni Mwalimu anaongea na Wangari."

"Ati nini?"

"Ni mashine inaongea kwa niaba yake. Ukiingia kuuliza, unakata."

Alivua zile spika polepole. "Woi, Wambugu. Kumbe siku hizi zote ni Mwalimu wangu nilikuwa nanyamazisha? Si ungeniambia mapema?"

"Ningejuaje? Na yeye angekuambia na mdomo gani?"

Ndipo tukapanga mambo yetu, ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shirika. Mama Kui akiwa shambani, Mwalimu atazungusha simu mwenyewe, na badala ya kusema atagonga kijiko kwenye simu mara tatu. Nyambura atajua ni yeye na atamuunganisha na mjini bila kuuliza. Akimaliza atagonga mara mbili. Katikati hapo mtu asiingie. Na ili opereta wa zamu nyingine asije akasahau, Nyambura alikata uzi wa ile sweta nyekundu akaufunga kwenye tundu la laini ya Mwalimu. Ukiona uzi, usiulize.

Ilifanya kazi. Sina haja ya kurefusha, siku njema hazina hadithi ndefu. Kila jioni kijiko kililia. Nyambura aliniambia kwamba Mwalimu alianza kuongeza kugonga kumoja kwa kushukuru, naye anamjibu, "Karibu, Mwalimu," na anasimama wima kama yuko darasani. Wangari alimwandikia kuhusu theluji, kuhusu wagonjwa wake, kuhusu mwanamume fulani ambaye Mwalimu alitaka kujua ni wa ukoo gani. Ile kampuni nyingine ilirudi na bei ya chini zaidi, Mwalimu akahama, ya kwanza ikamfuata na zawadi ya kalenda. Alizipenda sana fujo hizo. Alinenepa kidogo.

Kisha maendeleo yakafika. Ndiyo, ni maendeleo, sisemi kwa dhihaka. Kituo kipya kilijengwa karibu na lami, cha mitambo, kisichohitaji mtu wa kuchomeka kamba. Mtu anabonyeza namba mwenyewe. Wenye intaneti waliambiwa kasi itaongezeka, na kweli iliongezeka kwa wale waliounganishwa. Kulikuwa na hema, soda na hotuba. Cha mkono kikafungwa. Nyambura aliagwa kwa saa ya ukutani na kupigiwa makofi. Kabla ya kuondoka alifungua ule uzi mwekundu kutoka kwenye tundu akautia mkobani.

Laini ya Mwalimu haikuhamishwa. Ilikuwa ndefu mno, nguzo zimechoka, na kwenye mgongo ule wa pili wenye simu walikuwa wamebaki wachache. Nilikwenda mjini kwa injinia wetu, kijana mstaarabu, wala sikuwahi kumchukia.

"Wambugu, niko na nguzo kidogo," akaniambia. "Hapa mjini watu wamejipanga wanataka laini ya intaneti, na hizo kampuni zinanisukuma kila siku. Sasa nikatae hawa wote nipeleke nguzo zangu kwa mzee mmoja?"

"Huyo mzee hana sauti, bwana injinia."

"Naelewa. Wa huko watafuatwa baadaye."

Nilitoka pale nikiwa na hasira isiyo na mtu wa kuitolea. Angekuwa mtu mbaya ningefarijika.

Niliposhuka kwa Mwalimu kumpa habari hiyo, nilimkuta dirishani jioni. Alikuwa anazungusha kishikio cha simu. Alisikiliza, akagonga kijiko mara tatu, akasikiliza tena. Alijua kituo kimefungwa, Mama Kui alishamwambia. Alizungusha tena akagonga. Nilisimama mlangoni na kofia yangu mkononi, sikuweza kuingia. Hata leo nikisikia mtu akikoroga chai nyumba ya pili, ninahesabu kijiko kimegonga mara ngapi.

Jambo moja la kazi nitawaambia hapa. Laini iliyo hai inajilinda, kwa sababu ikikatwa mtu analalamika. Laini iliyokufa haina wa kuipigia kelele. Haukupita muda, waya wa kwanza ukaibwa pale kijitoni, na asubuhi nyingine wa pili. Shaba ina soko siku zote. Nguzo zikabaki zimesimama zenyewe.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa intaneti ya Mwalimu. Aliandika maneno yake kwenye kompyuta, akayatia kwenye disketi, ile sahani nyembamba ya plastiki ya kuhifadhia maandishi. Niliifunga ndani ya nailoni ya mkate kama kiungo cha waya, nikaitia mfukoni, na kila nilipokwenda mjini kikazi niliipeleka kwenye ofisi ya kampuni. Binti wa kaunta aliyatuma, akapakia majibu ya Wangari, nikarudi nayo. Mimi mwenyewe sikujua kuifungua kompyuta, wala Mama Kui hakujua. Nilibeba tu. Mwalimu alikuwa akinipokea disketi kwa mikono miwili, kisha anaandika kwenye sileti: KASI NZURI. Mzaha huo hakuuacha, hata alipoanza kukonda tena.

Siku ya mwisho mvua ilininyeshea tangu mjini. Nilipovuka kijito niliona watu uani kwa Mwalimu, viti vya kanisa vimepangwa, wanawake wakichemsha chai kwenye sufuria kubwa. Alikuwa ameondoka alfajiri hiyo. Nilikaa na wenzangu, nikanywa chai niliyopewa, na disketi ilikuwa mfukoni mwangu, kavu kabisa. Hapakuwa na mtu wa kuifungua. Niliiweka juu ya meza yake, kando ya kijiko.

Wangari alifika, tukamzika mzee wetu. Nyambura alikuja pia. Alitupa udongo, na pamoja na udongo nikaona kitu chekundu kikishuka.

Baada ya watu kupungua, Wangari aliingia chumbani kwa baba yake akawasha ile kompyuta. Tulikuwa tumesimama nyuma yake, mimi na Mama Kui. Akaiona disketi akauliza ni ya nini, Mama Kui akamwambia ni majibu yake ya mwisho, yalifika siku ileile. Akaitia. Akasoma kwa sauti, kabla hajakumbuka kwamba ni maneno yake mwenyewe:

"Baba, yule Wambugu ameshatengeneza laini?"

Aliacha kusoma. Kisha akageuka, maana hakuwahi kuniona maishani mwake, akauliza, "Wambugu ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi." Nikamwambia, "Bado."